Usiniambie Bado

Gati lilijaa watu hata upepo ulipita kwa taabu. Manowari ilikuwa inarudi baada ya miezi saba baharini, na ungedhani Norfolk nzima imeshuka kuipokea: wake waliovaa magauni ya maua katika baridi ile ya Machi, watoto wenye mabango, wazee waliovaa kofia za meli zilizokwisha kukatwakatwa vyuma chakavu zamani. Bendi ilikuwa inapiga. Mwanamke aliyeshinda bahati nasibu ya busu la kwanza, la kumpokea mumewe kabla ya wengine wote, alisimama mbele ya kamba, midomo imekolea rangi.

Marivic Dumlao hakuja kumbusu mtu. Alikuja kumfunga mtu mdomo.

Alivaa suti ya rangi ya majivu na viatu bapa, kwa sababu alilijua gati na nyaya zake. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Kumi na miwili kati ya hiyo ameimaliza akitetea watu: sita ya kwanza akiwa na sare za jeshi la majini, sita ya pili peke yake, katika ofisi ya chumba kimoja na nusu mtaa wa Granby. Asubuhi ungemkuta mahakama ya shirikisho akimtetea mlanguzi wa bunduki, alasiri ungemkuta kambini akimtetea baharia aliyempiga ofisa wake. Siku hiyo alimfuata Tessa Stamper, binti wa miaka ishirini na minne kutoka milima ya West Virginia, mwenye mtoto wa miaka miwili aliyeachwa kwa bibi yake. Wiki tatu kabla, baharia mmoja wa miaka kumi na tisa, Rudy Escamilla, alikuwa ameteremka ndani ya tangi la meli ile kulisafisha, akafa kwa kukosa hewa. Karatasi iliyosema hewa ya tangi ni salama ilikuwa na sahihi ya Tessa. Wapelelezi wangemngoja chini ya ngazi. Marivic alitaka kumfikia kabla yao, na mbele yake kulikuwa na watu elfu mbili.

"Dada, unamngoja mume au unamkimbia?"

Aligeuka. Mwanamume mrefu, mweusi, sare ya kaki iliyopigwa pasi ikakubali, anasukuma kitoroli chenye masanduku matupu. Kwenye kola alikuwa na alama za chifu, cheo cha mabaharia waliokaa jeshini hadi maofisa wadogo wanawaogopa.

"Namngoja mteja," alisema Marivic.

"Basi tuko wawili tu hapa tuliokuja kazini. Wengine wote wamekuja kubusiwa." Akamtazama viatu, akamtazama mkoba. "Wakili?"

"Inaonekana?"

"Hujatabasamu tangu bendi ianze."

Aliitwa Ellis Pettway, mtu wa Mobile, Alabama. Alisimamia karakana ya nchi kavu inayokagua vipimo vya meli: vya joto, vya mgandamizo, vya hewa. Meli ikirudi, yeye huja kuvikusanya kwenda kuvihakiki upya; ikiwa bado baharini, huipelekea vilivyokaguliwa kwa meli ya mizigo. Alimwambia kwamba kwa ngazi ya mbele atangoja mpaka kila mtu abusiwe, na kwamba iko ngazi ya nyuma, ya mizigo, wala haina foleni. Akatangulia na kitoroli chake kama anayefungua njia ya bibi harusi, na watu wakapisha.

Hivyo ndivyo Marivic alivyompata Tessa dakika mbili kabla ya wapelelezi. Alimshika bega akamwambia kwa sauti ndogo asiseme neno kwa mtu yeyote, asiandike ujumbe, asimsimulie hata mama yake.

"Lakini mama, mimi nili—"

Marivic aliinua kiganja. "Hata mimi usiniambie. Nikitaka kujua nitakuuliza."

Alipogeuka, aliona Ellis amesimama na orodha yake mkononi, kidole kimetulia kwenye mstari mmoja. Kipimo kimoja cha hewa hakikuwamo sandukuni. Kimechukuliwa na wapelelezi. Aliutazama mstari ule kwa muda mrefu kuliko mtu anavyotazama mstari mmoja, halafu akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Marivic aliona, na hakutilia maanani.

"Na mimi nikikamatwa," alisema Ellis, "nitakupataje?"

Alimpa kadi.

Alhamisi simu ya ofisini ililia.

"Nimekamatwa."

"Na nani?"

"Na njaa. Kuna mahali Ocean View wanakaanga samaki vizuri, lakini mtu hawezi kwenda bila wakili. Wanakuuliza maswali mengi: na pilipili, bila pilipili."

"Usijibu chochote mpaka nifike," alisema Marivic, na akajisikia anacheka, jambo ambalo karani wake alilisimulia wiki nzima.

Ikawa hivyo, majira yote ya kuchipua majani. Ellis hakuwa mtu wa maneno matamu mengi, lakini alijua kumfungulia mtu chupa kabla hajaomba, na alimwita "Wakili" kwa namna ambayo wengine huita "mpenzi". Mama yake alikuwa amekufa Januari ile. Alipenda kumtaja: alivyopiga pasi mashati ya nusu ya mtaa, alivyokataa kuitwa mgonjwa mpaka siku ya mwisho. Marivic alimpeleka kwa baba yake, mzee Ben, aliyewapikia mabaharia miaka ishirini na sita, na ambaye wanawe wote humwita Tatay, yaani baba, kama ilivyo kwao Ilocos, ng'ambo ya bahari. Mzee alimkabidhi sufuria ya wali amuone. Ellis akaomba kikombe cha kupimia maji. Tatay akacheka mpaka akashika meza. Maji ya wali hupimwa kwa kidole, alisema, na mtu anayehitaji kikombe huyo kazaliwa karakana.

"Ndiyo kazi yangu, mzee," Ellis alisema. "Siamini kidole."

Walicheka wote watatu. Kisha Ellis akaacha kucheka, akawa anautazama mvuke.

Marivic alikuwa na sheria moja nyumbani, na aliishika kama dini. Anachosema mteja kwa wakili wake kimefungwa. Hakuna jaji wa kukifungua. Anachosema mpenzi kwa mpenzi wake hakijafungwa na kitu. Anaweza kuitwa, aapishwe, aambiwe aseme. Kwa hiyo mtu yeyote aliyeanza kumnong'oneza habari za kazini, kwenye sherehe au jikoni, alikiona kile kiganja. Aliwaona wengi walioangamizwa na watu waliowapenda, kwa sababu tu walipenda kuzungumza.

Aprili, wakiosha vyombo, Ellis alisema kuna jambo la kazini linamsumbua.

Kiganja kikapanda, kinatiririka povu. "Kama ni la kesi, tafuta wakili mwingine. Kama ni la moyo, niambie."

Ellis akapangusa sahani ile ile mara ya pili. "Sijui ni lipi."

"Basi usiniambie bado."

Mara ya pili ilikuwa ndani ya gari, nje ya nyumba ya Tatay. Alianza, "Kesi yako ile ya meli," na Marivic akamtaja jina lake tu, "Ellis," na yeye akasema anataka kuuliza kitu kimoja, na Marivic akamwambia haulizi. Alimbusu chini ya sikio kumtuliza. Shingo yake ilikuwa na jasho, na siku ile haikuwa na joto. Aliamini anawalinda wote wawili.

Kesi yenyewe ilikuwa inakwenda mahali pake pa kawaida. Mabaharia wana ugonjwa wao wa zamani: kazi ya ukaguzi ni nyingi, saa ni chache, na mtu aliyechoka huandika namba kutoka kichwani, akatia sahihi, akalale. Kila mtu melini anajua, na hakuna anayekiri mpaka mtu afe. Marivic alikwisha kutetea watu kumi na mmoja wa namna hiyo. Waendesha mashtaka walisema Tessa alikuwa wa kumi na mbili: hakushusha kipimo ndani ya tangi, aliandika tu kwamba hewa ni nzuri. Kipimo chenyewe kilianguka kwenye maji ya tangi wakati wa kumwokoa Escamilla, kikafa; hakikuweza kujaribiwa tena. Walitoa mapatano: akiri, afungwe miezi sita, afukuzwe jeshini. Akibisha na kushindwa, ni miaka.

Marivic alimshauri akubali. Tessa alikaa ukingoni mwa kiti, nywele zimebanwa nyuma mpaka zinavuta macho.

"Mama, nilipima."

"Tessa." Kiganja.

Binti akakitazama kile kiganja. Akauliza kama mtoto wa miaka miwili, baada ya miezi sita, atamkumbuka. Marivic alimpa jibu ambalo mawakili hutoa, kwamba watoto hustahimili mengi, na wakati anasema alijua kwamba hajui.

Jumamosi ya mwisho ya Mei, saa kumi na moja jioni, Ellis alimpeleka ufukweni. Alivaa shati jeupe, mikono imekunjwa mara mbili sawasawa. Marivic alivaa gauni la njano lililokuwa limelala kabatini miaka mitatu. Maji yalikuwa ya rangi ya risasi. Mbali, manowari nyingine ilikuwa inatoka, pole pole, bila mtu kuipungia.

Alimpa pete ya mama yake katika kitambaa. Hakupiga goti, alisimama wima kama mtu anayesomewa mashtaka.

"Nataka nikuoe. Mapema. Wiki hii kama inawezekana."

"Mbona haraka, Chifu? Nimeshika mimba bila kujua?"

Hakucheka. "Nikingoja nitaogopa. Kuna jambo nataka kukuambia, na nataka nikuambie nikiwa mumeo."

Marivic alisikia utamu peke yake. Pete ilimbana kidogo kwenye kiungo, kisha ikapita. Alisema ndiyo, akasema lakini si wiki hii, Tatay atataka kumchinja nguruwe na kuwaita watu wote wa Virginia Beach. Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama chuma cha gati, naye akausugua kati ya viganja vyake, akidhani ni upepo.

Jumanne asubuhi, ofisini, alikuwa anaandaa karatasi za Tessa za kukiri. Ili mtu akiri, jaji humuuliza maswali, na wakili mwangalifu hupitia kila kitu mara ya mwisho asije akashtukizwa. Alipitia picha. Tangi. Kamba. Kiatu kimoja cha Escamilla. Kipimo cha hewa, kimelala kwenye karatasi nyeupe pembeni mwa rula. Alikuwa ameiona picha ile mara nane. Ubavuni mwa kipimo kulikuwa na kibandiko cha ukaguzi, na macho yake, mara zile nane, yalisoma tarehe tu: 14 Januari, bado haijaisha muda. Mara hii yalisoma na herufi mbili zilizoandikwa chini yake kwa kalamu.

E.P.

Mkono ulioshika picha ulikuwa ndio wenye pete.

Alikuwa bado ameishika picha karani alipokuja na kahawa akaondoka nayo. Tarehe 14 Januari. Ellis alikwisha kumsimulia ile siku. Aliijua kama yake mwenyewe. Ndiyo siku aliyopigiwa simu kutoka Mobile kwamba aje upesi, akapanda ndege ya saa kumi na moja jioni. Marivic aliomba daftari la karakana kwa njia ya kawaida, kama wakili yeyote anavyoweza kuomba, na likaja mchana. Siku ile fundi mmoja alikagua vipimo kumi na kimoja vya hewa. Kila kimoja huchukua saa moja na nusu. Alihesabu saa za siku kwa vidole vyake kama mtoto wa shule, akazihesabu tena.

Basi Tessa alipima. Alishusha kipimo tangini, akasoma namba, akaiandika kama ilivyo. Kilichodanganya ni kipimo.

Halafu, nyuma ya wazo hilo, likaja la pili, taratibu. Sheria ya jeshi haimlazimishi mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. *Nataka nikuambie nikiwa mumeo. Wiki hii kama inawezekana.*

Alivua pete. Ilikataa kwenye kiungo, akailazimisha.

Ellis alipokea simu mlio wa kwanza. "Mpenzi."

"Usiniite hivyo. Sikiliza. Sitakuuliza swali lolote na hutanijibu lolote. Tafuta wakili. Leo. Si mimi."

Upande wa pili mashine za karakana zilikuwa zinanguruma. Zikanyamaza moja moja; alikuwa anazizima.

"Umeona kibandiko," alisema.

Marivic aliilaza picha kifudifudi.

"Nilijaribu kukuambia."

"Ulijaribu kunioa kwanza."

"Unadhani nilikuwa naununua mdomo wako."

"Ulijua sheria inasema nini kuhusu mke?"

"Kila baharia anaijua, Marivic. Ndiyo. Nilijua." Akavuta pumzi. "Sikutaka wakuweke kitini wakuulize. Na niliogopa. Na nilikupenda. Sasa usiniambie nizitenganishe, kwa sababu nimejaribu na sijaweza."

Marivic alitamani aamini lile la tatu peke yake. Dirishani, watu wa Granby walikuwa wanapita na vyakula vyao vya mchana.

"Huyo wakili," Ellis alisema, "ataniambia nini?"

Marivic alikuwa anajua neno kwa neno. Alikwisha kuyasema maneno hayo kwa watu mia tatu, kwenye ngazi za meli, kwenye maegesho, kwenye vyumba vya jela.

"Siwezi kukushauri."

"Ataniambia ninyamaze. Nimebakiza miezi minane kutimiza miaka ishirini, nipate pensheni. Ataniambia kibandiko ni karatasi, daftari ni karatasi, hakuna aliyeniona. Na nikinyamaza yule binti anafungwa."

"Siwezi kukushauri, Ellis."

"Neno moja tu."

Alishika simu kwa mikono miwili. Akisema *sema*, ni wakili anayemtumia mwanamume anayempenda kumwokoa mteja wake. Akisema *nyamaza*, amemuuza mtoto wa miaka miwili huko milimani. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, kimya chake hakikumlinda mtu. Alikata simu.

Siku iliyofuata Marivic alimwambia Tessa kila kitu, kwamba aliyetia sahihi kwenye kipimo ni mchumba wake, kwamba hawezi tena kumtetea, kwamba Luteni Brandvold, kijana wa Minnesota, wakili aliyetolewa na jeshi, ndiye atakayeendelea, na kwamba asikiri chochote. Alitegemea machozi au matusi. Tessa alikunja mikono.

"Miezi mitatu nakuambia nilipima."

"Najua. Na nakuomba radhi."

"Hujui, mama. Kila nikisema ulikuwa unaninyanyulia mkono. Mama yangu humnyanyulia mbwa mkono vile." Kisha akauliza swali lililompeleka Marivic nyumbani akiendesha gari kama kipofu: "Atasema?"

"Sijui."

Wiki sita. Hakuna simu iliyolia na hakuna iliyopigwa. Pete aliirudisha ndani ya bahasha kwa wakili mpya wa Ellis, mzee mmoja wa Virginia Beach mwenye sifa ya kutoruhusu mteja wake kufungua mdomo hata kupiga miayo. Marivic alipolisikia jina hilo alikaa kwenye ngazi za ofisi yake. Yeye mwenyewe, kama angeulizwa nani bora mjini, angemtaja huyo. Brandvold alimpigia mara moja kusema kwamba waendesha mashtaka wana jibu tayari kuhusu daftari: chifu mwenye uzoefu, kazi ya haraka, sheria haikukatazi kuwa hodari. Bila neno la Pettway mwenyewe, alisema, kibandiko ni kibandiko.

Julai, kesi ya Tessa, chumba kidogo cha mahakama kambini, mashine ya baridi inakoroma. Marivic alikaa benchi la nyuma, mahali asipopazoea. Kutoka pale washtakiwa huonekana migongo tu. Safu ya mbele alikaa mama yake Escamilla, amevaa nyeusi, pochi imesimama magotini.

Ellis aliingia akiwa na sare nyeupe za kiangazi. Alikuwa amekonda shingoni. Jaji alimsomea haki zake: kwamba anaweza kukataa kujibu, kwamba atakalosema linaweza kutumika dhidi yake. Wakili wake mzee alisimama pembeni, mkono uko tayari.

Brandvold, masikio yamemwiva, aliuliza kama tarehe 14 Januari shahidi alikikagua kipimo kilichoko kwenye picha namba tisa.

"Mheshimiwa," alisema yule mzee, "shahidi anatumia haki yake ya—"

Ellis alimgusa kwenye mkono wa koti. Alimgusa kwa adabu, kama mtu anayemwomba mwenzake ampishe apite.

"Hapana, bwana," alisema. "Sikukikagua."

Mashine ya baridi ikakoroma peke yake.

"Vinne nilivikagua. Saba nilivibandika tu. Hicho ni kimojawapo cha saba." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kusomea orodha. "Mama alikuwa anakufa Mobile, na ndege ilikuwa saa kumi na moja. Nilijiambia vipimo hivyo havijawahi kuharibika. Nilipojua kwa hakika ilikuwa Machi, gatini, nilipoona kipi hakipo. Nimenyamaza tangu siku ile. Huyo binti alipima. Aliandika alichokiona."

Hakumtazama Marivic. Alimtazama mama yake Escamilla, naye mama akamtazama. Kisha yule mama akafungua pochi, akaifunga, akatazama chini.

Mashtaka dhidi ya Tessa yalifutwa kabla ya chakula cha mchana. Kwenye ukumbi wa nje alimpita Marivic, akasita, akarudi. Alisema anakwenda West Virginia leo leo, hata hajui basi ni saa ngapi. Marivic alimpeleka kituoni mwenyewe. Njia nzima alimwacha aongee.

Ellis hakuomba kubishana. Alikiri yote kwenye kesi yake mwenyewe, Septemba. Miezi kumi jela ya jeshi, cheo kimeshushwa mpaka chini kabisa, na kufukuzwa kwa aibu. Miaka kumi na tisa ikawa kama haikuwako. Marivic hakwenda kusikiliza. Alikwenda kwa Tatay akamkuta anakata vitunguu, akakaa, na vitunguu vikampa sababu.

"Unamkasirikia kwa kunyamaza," mzee aliuliza, "au kwa kusema?"

"Kwa kutaka kunioa."

Tatay aliendelea kukata. "Mama yako nilimwoa siku nne kabla meli haijaondoka. Nilimwambia nampenda. Kweli. Lakini pia nilitaka nikifa baharini wampe yeye bendera, wamlipe yeye, wasiseme ni msichana tu wa bandarini. Yote mawili yalikuwa kwenye mfuko mmoja. Alijua."

"Akasemaje?"

"Alisema, vua viatu, chakula kinapoa."

Jumapili ya pili ya Oktoba aliendesha mpaka Chesapeake, kwenye jela ya jeshi. Hakuvaa suti. Alivaa sweta ya buluu na sketi, nywele ameziachia, na askari wa mlangoni, aliyemjua miaka mingi, alimtazama mara mbili. Kisha akamsogezea daftari la mawakili kama siku zote, akamwambia chumba kile cha mlango wa chuma kiko wazi, akae atakavyo, hakuna wa kuwasikiliza.

"Leo si hilo," alisema Marivic. "Nipe la jamaa."

"La jamaa ni nusu saa, Bi Dumlao. Na mnakaa ukumbini, meza kwa meza, askari kasimama hapo hapo."

"Najua."

"Kwa hiyo uhusiano niandike nini?"

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake, na mtoto kiunoni, akavuta pumzi ya kuchoka. "Andika mchumba," alisema Marivic. "Kama atakataa mtanitoa."

Ellis aliletwa. Sare ya jela ilikuwa ya rangi ya udongo, na hata hiyo mikono alikuwa ameikunja mara mbili sawasawa. Alipomwona alisimama, mpaka askari akamwambia akae.

"Umekuja kama nani?" aliuliza.

"Kama walivyoandika."

"Wameandika nini?"

"Kaulize mlangoni." Alivuta kiti chake karibu na meza. "Nilikukasirikia sana, Ellis. Bado kidogo. Hasira iko hapa upande mmoja, sijui nitaipeleka wapi."

"Iache ikae," alisema. "Mimi siendi popote."

Walitazamana wakakaribia kucheka, wakashindwa. Meza ya pili mtoto alikuwa anagonga kijiko. Askari alisimama hatua tatu kutoka kwao, mikono nyuma, anasikia kila kitu, na hapakuwa na sheria yoyote duniani ya kulifunga neno lolote litakalosemwa pale. Marivic aliweka mikono yake juu ya meza, imelala, viganja chini.

"Niambie," alisema.

"Nini?"

"Yote. Anzia asubuhi."

Ellis alimtazama ile mikono. Kisha akaanza: jinsi alivyoamka saa kumi alfajiri na simu ikalia akiwa ananyoa, sauti ya dada yake, jinsi alivyoendesha gari kwenda karakana na povu sikioni, kipimo cha kwanza, alivyokikagua vizuri, cha pili, cha tatu. Alisimulia polepole, kama mtu anayetoa vitu kwenye sanduku na kuvipanga. Alipofika kwenye kibandiko cha tano alisimama, na Marivic hakumsaidia, hakumkatiza, hakuinua kitu. Akaendelea. Alisimulia foleni ya uwanja wa ndege, kiti cha dirishani, bibi aliyempa karanga bila kumjua.

Askari akagonga saa yake kwa kidole. Viti vikaanza kuburuzwa.

"Bado sijafika Mobile," alisema Ellis.

"Jumapili nitakuja," alisema Marivic, "unifikishe."